Niliona Kosa Lake Nikaandika Jina Langu

Bandugu, amani. Bapapa, bamaman, munisikilize kidogo, leo nimeleta aibu yangu mwenyewe.

Munajua kazi yangu. Naandika programu za chini kabisa za mashini, zile zenye zinakaa mlangoni mwa rezo, ule mtandao wa kompyuta, na kukagua kila kifurushi cha habari: hiki kipite, hiki kirudi. Kwa miaka, pale Kamembe, mjuzi wa hii kazi alikuwa mimi tu. Chef, mkubwa wetu wa kazi, alikuwa ananiita Mzee, na mimi nilipenda, eh, nilipenda sana!

Halafu akaletwa dada mmoja, mtoto wa wakulima wa Nzahaha, kwa majaribio. Jina lake nalificha. Kazi yangu ya wiki, yeye siku mbili. Chef akaacha kuja mezani kwangu. Nawaambia kweli, wivu ulinikula mpaka ugali haukupita. Akicheka, naona ananicheka mimi. Bibi yangu wa ndoa akachoka: "We, kila siku huyo dada tu! Amekukosea nini?" Hakuna kitu alinikosea.

Kwetu, programu haianzi kazi mpaka mwenzako aisome, aandike jina lake chini: nimekagua. Ya dada ikaja kwangu. Kila kifurushi kinakuja kimeandikwa urefu wake, na yeye aliamini yale maandishi bila kupima. Kikija chenye urefu wa uongo, mashini inaanguka. Niliona, bandugu! Nikatabasamu, nikaandika jina langu.

Siku ya tatu, asubuhi, rezo ya mteja ikaanguka. Chef akawaka, akamwambia dada akusanye vitu vyake. Mimi moyoni: haya, uende! Halafu chef akaona jina langu pale chini, akauliza: na Mzee alikagua nini?

Dada akasema analia: "Mzee alisoma vizuri. Mimi njo nilibadilisha kitu nyuma yake."

Uongo! Hakubadilisha hata alama moja. Alidhani macho yangu yamechoka, akanihurumia. Ile huruma ilinivunja. Nikasema: "Chef, muache. Kosa niliona, nikanyamaza kwa sababu ya wivu."

Dada alibaki. Mimi nilisimamishwa mwezi mzima. Aksanti kwenu mulikuja kunisalimia nyumbani, na kwa bibi yangu, hakunicheka.

Ukiona kosa la mwenzako, umwambie siku ileile, hata moyo ukiwaka. Wa kwangu ungali unawaka, nisiwadanganye. Sasa kazi yangu anaisoma yeye. Juzi alinirudishia makosa manne. Niliuma meno, bandugu. Halafu nikasahihisha yote manne, nikamwandikia aksanti.