Kabari ya Nyuma

Basi la wafanyakazi wa uwanja wa ndege lilikuwa likielekea getini, na mama wa usafi alikuwa bado ameshikilia chuma cha dirisha kwa mikono miwili. Muda mfupi kabla, alikuwa akitoka ndani ya ndege na mfuko wa taka, mguu mmoja mlangoni na mwingine kwenye ngazi, ndege ikarudi nyuma. Alining'inia kwenye bomba la ngazi kama nguo kambani. Sasa wanaume wawili walikuwa wakirushiana maneno kwenye kiti cha mbele yake, na hakuna aliyegeuka kumpa pole.

"Kabari za kuzuia tairi niliweka mbili, mbele na nyuma!" alisema mwongoza ndege, yule anayezielekeza maegeshoni.

"Mbona nimeikuta ya mbele peke yake?" mpakia mizigo akamkatiza. "Ya nyuma imeota mbawa?"

"Kaka, nina miaka tisa kazini."

"Na huyu mama angevunjika shingo, ungewaambia wanawe habari za miaka tisa?"

Kumbe wanajua nipo, mama akajisemea.

Basi likasimama kwenye mteremko wa geti. Breki yake ya mkono ilikufa zamani, kwa hiyo dereva aliruka chini kwanza, kama kawaida yake, akaweka kizuizi kwenye tairi. Mama alichungulia dirishani kulitafuta lile jiwe la kila siku. Halikuwepo. Palikuwa na kabari ya njano, mpya kabisa.

"Leo halisogei hata kidogo," dereva akasema kwa furaha, akiwafungulia mlango. "Nimeiokota pale kwenye ndege. Walikuwa nazo mbili."