Bi. Badria Abbasi, Aliyemkata Ng'e kwa Mkasi

Ukumbi wa Najma, hapa nyuma ya Mnazi Mmoja, umesimama juu ya nguzo za zege na mtu mmoja, ambaye ni mimi. Kwa hiyo uongozi uliponiomba niandike wasifu huu sikushangaa, nilishangaa tu kwamba walichelewa. Mimi ndiye mshika ngazi mkuu. Siku jiji lilipotikisika mpaka masufuria ya mama ntilie yakagongana yenyewe, ngazi yangu haikuyumba, na aliyekuwa juu yake hakuteremka. Huyo ndiye tunayemuaga leo.

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Badria Abbasi anastaafu, baada ya miaka thelathini na sita ya kupamba ukumbi huu. Aliingia akiwa binti wa kukunja vitambaa, anatoka akiwa mpambaji mkuu. Katikati hapo ameozesha nusu ya Kariakoo. Ndoa yako ikiwa imesimama, mshukuru yeye. Ikiwa imeanguka, hilo ni lako.

Kazi yake kubwa iko juu ya vichwa vyenu, inueni macho. Marehemu Mzee Muaz, mwenye ukumbi, aliupa jina la mama yake, Najma, yaani nyota. Wapambaji wengine wakataka kubandika nyota za karatasi za kung'aa. Bi. Badria akakataa. Alisema kama ni nyota, ziwe zile zile za juu, na zikae zinapokaa. Akaipaka dari rangi ya wino, akatoboa matundu, akapachika taa ndogo, kisha akaziunganisha kwa uzi wa fedha ili makundinyota yaonekane: Kilimia, Mapacha, Mizani, Simba, na juu ya kiti cha bibi harusi, Ng'e.

Maelezo yake nimeyasikia chini ya ngazi mara nyingi kuliko mwanachuo yeyote, kwa hiyo nisikilizeni. Kundinyota ni nyota ambazo watu walizitazama wakaamua zinafanana na kitu. Zenyewe hazijuani. Ukiwa Kigamboni usiku ukatazama huku, taa ya ghorofa la Posta na taa ya meli zinaonekana zimekaa benchi moja, kumbe moja iko nchi kavu na nyingine majini. Wakulima wetu waliona nyota ndogo zilizosongamana, zikawaambia wakati wa kulima umefika, wakaziita Kilimia. Watu wengine wakaona hizo hizo ni mabinti saba. Zile tatu zilizojipanga mstari, kusini mwa Afrika wapo waliosema ni pundamilia watatu. Mabaharia wa Kiarabu walizipa nyota majina wasipotee njia, na mengi yanatumika hadi leo. Baadaye wataalamu wa dunia wakakaa kikao, wakaligawa anga vipande themanini na nane kama viwanja. Sina taarifa kama kuna mtu wa Kariakoo aliyealikwa.

Shida ni kwamba hapa mjini ukisema nyota, mtu hafikirii anga, anafikiria bahati yake. Mara nyota yangu imefifia, mara nyota yake kali, mara nenda ukasafishwe nyota. Neno hilo nusura limtoe Bi. Badria kazini.

Ilikuwa harusi ya ukoo mkubwa wa wafanyabiashara, mteja ambaye Azzan, mtoto wa Mzee Muaz na bosi wetu wa sasa, alikuwa amemwinda kwa muda mrefu. Mchana wake shangazi wa bibi harusi, Bi. Samah, akaja kukagua. Akainua kichwa, akakaa chini. Akataka kumjua huyo mwenye chuki aliyemtundika ng'e juu ya mtoto wao, maana nyota ya binti itachafuka kabla hajala keki. Azzan akatoka jasho. (Unasoma hapa bosi, najua. Usikunje uso.) Akamwambia Bi. Badria ang'oe taa zote za upande ule, na kama hataki, aache funguo mezani aende kwake.

Bi. Badria akainua macho darini, kisha akanigeukia.

"Shika ngazi," Bi. Badria akaniambia.

Akapanda na mkasi wake wa vitambaa. Akaukata uzi wa fedha kipande kwa kipande, ukawa unaangukia zulia jekundu. Taa hakugusa hata moja. Akateremka, akauokota uzi wote, akamwekea Azzan mikononi.

"Ng'e wenu huyo, mchukueni. Taa sing'oi," alisema. "Haya Bi. Samah, nioneshe alipokuwa."

Bi. Samah akasogea kushoto, akasogea kulia, akavua miwani, akaivaa tena. Taa zote zinawaka, ng'e hayupo. Mwisho akasema kwa sauti ya chini kwamba anaona kama kidani, kile cha dhahabu cha marehemu bibi yake.

"Basi ni kidani, mama. Mkalishe binti chini yake."

Binti akakaa. Leo ana watoto wanne. Azzan hakuomba radhi, ila funguo hakuzichukua. Na harusi ilipopita, Bi. Badria alipanda tena, akamfunga ng'e wake upya kwa uzi mnene zaidi, akasema anayemwogopa akaolewe kwingine.

Sasa nasikia wapo wanaonong'ona kwamba akiondoka tu, dari ipakwe nyeupe. Naandika hapa, kwenye karatasi ya sherehe, kila mgeni asome: ngazi ninayo mimi, na mwenye ndoo ya rangi nyeupe simshikii.

Bi. Badria, dada yetu, ahsante kwa mikono yako na kwa ubishi wako. Nenda Kigamboni ukapumzike, giza la huko ni zuri kuliko letu, utaziona zenyewe bila uzi. Mungu akupe afya, usingizi mnono na wajukuu wasiopanda juu ya makabati.

Na kwa kuwa unaondoka, nikuambie. Siku ile ulipouliza ng'e yuko wapi, nilikunja mikono kama mtu anayejua. Dada, mimi hata uzi ulipokuwepo sikuwahi kumwona. Mpaka leo pale juu naona mpini wa mwavuli.