Mama Mathilde na Jina Lililoitwa Msituni

Wapendwa waombolezaji, kwa niaba ya mume wa marehemu, Elie, binti yake Estelle na ukoo wetu uliotawanyika, mimi mdogo wake Mathilde, Onésphore, ndiye niliyepewa kazi hii nzito ya kusoma, na nikikwama njiani mtanivumilia.

Mathilde alizaliwa tarehe 8 Machi 1970 huko Bukeye, Burundi, akasoma huko huko hadi akahitimu ualimu mwaka 1989, akafundisha darasa la kwanza, na darasa lake lilisifika kwa utulivu. Tarehe 6 Julai 1991 alifunga ndoa na Elie, na tarehe 2 Februari 1993 wakajaliwa mtoto wa kiume, Dieudonné. Oktoba mwaka huo vita viliwakimbiza hadi msituni, na siku wenye silaha walipopita karibu, mama alimziba mwanawe mdomo asilie, wakapita, naye alipoondoa mkono, mtoto alikuwa amekwisha kufa. Tunalisema hili kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza lisemwe.

Walifika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, Agosti 1999 kupitia Tanzania, Estelle akazaliwa mwaka uliofuata, na Mathilde akaajiriwa kuwa mshauri wa waliolemewa na huzuni. Jina la Dieudonné halikutoka kinywani mwake tena, hata mbele ya Elie.

Machi 2012 alipelekwa Lodwar kujifunza, kando ya mto Turkwel, matembezi yanayoitwa kuoga msitu, ambapo watu hutembea taratibu mitini, wakinusa majani na kushika magome, ili roho itulie. Aliporudi aliomba ruhusa kwa Mama Atabo, mzee wa Waturkana wenyeji, maana miti ya kando ya mto Tarach, hapa Kakuma, ina wenyewe, naye Mama Atabo akamjibu kwamba kivuli hakiishi kwa kukaliwa. Siku ya kwanza Agot, mmoja wa wakimbizi walioalikwa kutembea, alikuja na sabuni na taulo, tukacheka sana.

Kicheko hakikudumu. Mathilde aliwaamuru wanyamaze, kama alivyofundishwa, na punde Santino, mmoja wao, mwanamume mzima, akachuchumaa nyuma ya mgunga akitetemeka, naye Mathilde akajikuta ameziba mdomo wake mwenyewe kwa mkono. Hapo alielewa kwamba kwa watu wake, kunyamaza msituni ni kujificha. Tangu siku hiyo kila aliyeingia aliita jina lake kwa sauti, wenzake wakaitika, ndipo wakatembea bega kwa bega, na waliokosa usingizi kwa miaka wakaanza kulala.

Saratani ya kizazi iligunduliwa Januari 2013. Tarehe 23 Juni, akiwa hoi, alipelekwa kwa pikipiki, Estelle akimshikilia kwa nyuma, kwenye matembezi yake ya mwisho, na zamu yake ilipofika hakuita Mathilde, aliita Dieudonné, watu wote wakaitika, na Elie akakaa chini akalia. Alifariki hospitalini Lodwar alfajiri ya tarehe 14 Septemba 2013.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, wafanyakazi wenzake, na Mama Atabo aliyetupa nafasi ya kumlaza chini ya migunga yake.

Familia inaomba pasiwe na dakika ya kunyamaza. Tukifika kaburini tuite Mathilde, kisha tuite Dieudonné, kwa sauti, maana hakuna tena anayetuwinda. Pumzika, dada yetu, na mkono wako nao upumzike.