Miaka Thelathini na Minne ya Fundi Kinyumenyume

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, mwenzetu anayeijua kila bolti ya karakana hii atarudisha ufunguo wa kabati lake na kustaafu, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Uongozi umeniomba mimi, wa meza ya kabureta, niandike machache kumhusu, kwa kuwa meza zetu zimepakana miaka kumi na tisa na vituko vyake navijua vyote.

Alianza kama mwosha vipuri, na kabla ya mwaka wa tatu kwisha akakabidhiwa meza ya dirishani, meza ya nyuzi. Kwa wasomaji wasio mafundi: uzi ni ile mistari inayoizunguka bolti, na ndani ya tundu kuna uzi mwingine wa kuipokea. Bolti ikikazwa kwa pupa, uzi wa tundu unaliwa, na kuanzia hapo bolti inazunguka tu bila kushika kitu. Kwenye gari jipya utanunua kipuri kingine. Kwenye magari tunayoletewa hapa, ambayo mengi yametutangulia kuzaliwa, kipuri kingine hakipo. Inabidi tundu lipanuliwe, lichongwe uzi mpya, livikwe springi ndogo ya chuma, na bolti ipate pa kushika. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote, na sijaona wa kumfikia.

Jina la Kinyumenyume alilipata kwa haki. Kabla ya kukaza bolti yoyote huizungusha kwanza upande wa kufungua, kwa vidole vitupu, mpaka asikie uzi umedondokea mahali pake. Ndipo huigeuza na kuikaza. Fundi mmoja wa rangi, wiki yake ya kwanza, alikwenda kwa siri kumshtaki kwa msimamizi kwamba mzee wa dirishani hajui bolti inakazwa upande gani. Msimamizi alicheka mpaka akatafuta kiti. Mkewe ametuhakikishia kwamba hata kifuniko cha chupa ya chai hukianza kinyume, na nyumbani kwao chai haijawahi kuvuja.

Nyuzi tulizoziua sisi, yeye alizifufua. Nne kati ya hizo ni zangu, na hakunitangaza kwa yeyote. Za kwake hazikuwepo.

Mwaka jana alianza kunung'unika mezani kwake: "Sisikii. Siku hizi sisikii kabisa." Sisi, kwa mapenzi yetu, tukaanza kumpigia kelele. Tulimsalimia kwa sauti za mnadani. Redio ikazimwa. Msimamizi akamwandikia barua ya kwenda kupimwa masikio, naye akaenda bila ubishi, akarudi na karatasi inayosema masikio yake ni mazima. Hatukuiamini karatasi. Tukaendelea kupaza sauti, na yeye akatuacha.

Mwezi wa Novemba akaletewa gari la mkunga mstaafu, gari ambalo mama huyo alilitumia kuwafuata wazazi majumbani kwa miaka yote ya kazi yake. Lilihitaji plagi mpya tu, vile vipuri vya kuwashia injini vinavyokazwa kama bolti, shughuli ya dakika kumi. Plagi ya tatu iliingia upande, hakujua, akatia spana, na uzi wa tundu ukaliwa wote. Kichwa cha injini ile ni cha aluminiamu na hakitengenezwi tena popote. Nilimwona amesimama na plagi mkononi, uso umemsawajika.

Angeweza kusema uzi ulikuwa umechoka, na sote tungemwamini. Alinawa mikono, akampigia simu mwenye gari, akamwambia amemharibia gari lake, aje alione.

Mkunga alikuja kesho yake asubuhi. Hakuitazama injini. Alimtazama yeye akihangaika na kifungo cha koti la kazi, akamshika mikono yote miwili, akamuuliza: "Vidole vimeacha kusikia tangu lini, kaka?"

Alijibu kwamba ni tangu Machi, na kwamba alificha kwa kuogopa kuhamishiwa mapokezi kabla ya siku zake kwisha, aagwe kama mzee wa kupokea simu. Niliona aibu, na ninaiona hadi leo. Kwa miezi minane mtu alikuwa akitamka mwenyewe kinachomsibu, kwa neno tunalolitumia kila siku, na sisi tulichofanya ni kupiga kelele.

Mkunga alitoa masharti mawili: aende hospitali siku hiyo hiyo, na gari litengenezwe na yeye, si mwingine. Daktari alisema mishipa ya viganja imebanwa na kazi. Huenda vidole vikaamka vikipumzika, ila hakuahidi.

Sasa kazi ya vidole ataifanyaje? Aliniita, akaniomba nimwazime vyangu. Tulijua tundu likienda upande kidogo tu, kichwa kile ni cha kutupa, na hilo ndilo litakalobaki la mwisho kwenye jina lake. Tulipaka grisi kwenye tapu, kile chuma cha kuchongea uzi, ili inase chembe zisidondokee ndani ya injini. Nikazungusha nusu mbele, robo nyuma. Yeye aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini, mpini sikioni, akasikiliza. Mara mbili alinisimamisha mahali ambapo mimi sikuona kosa. Mara mbili nilitoa tapu nikakuta imeanza kuinama. Ilituchukua siku nzima.

Springi ilipokaa, alinipa plagi niizungushe kinyume. Nikaisikia ikidondoka, kitu kidogo sana kwenye ncha za vidole. Alikuwa akinitazama usoni.

"Umesikia?"

Nikamwambia nimesikia. Akageukia dirisha akalia, mimi nikalia, na msimamizi akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Siku iliyofuata mkunga aliondoka na gari lake, injini ikinguruma sawasawa.

Tangu hapo kila fundi amekaa naye wiki mbili mezani. Vidole vyetu, masikio yake. Mapokezi hakuhamishiwa.

Kaka, tunakushukuru kwa kazi, kwa utani, na kwa ile simu uliyoipiga bila kulazimishwa na mtu. Tunakuombea afya na mapumziko marefu pamoja na mkeo, na maisha yawe mema kwako kila kunapokucha. Vidole nilivyokuazima Novemba sijavidai. Siku yoyote ukivihitaji, piga simu, nitavileta.