Mkeka Chini ya Mama

Nilisikia kishindo kwanza. Televisheni ilikuwa inaongea, nami nilikuwa nimeipa mgongo kona anayokaa Mama. Kitu kizito kilianguka, kikombe kikabingirika sakafuni. Nilipogeuka, mama yangu alikuwa chini, amelalia upande wake wa kushoto, ule uliopooza. Hakulia. Aliniangalia tu.

Ndugu zangu, bapapa na bamaman, nimesimama mbele yenu katika mkutano wetu huu kusema ukweli. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, na sikumwona akiteleza.

Mnakumbuka kiwanda cha magari cha mtaa wa Forest kilipofungwa. Mimi nilikuwa nafunga viti ndani ya magari pale. Siku ya mwisho nilirudi nyumbani, nikaketi kwenye kanape, na bon, ni kama sikuinuka tena kwa miezi. Mlipogonga mlango, nilipunguza sauti ya televisheni nikangoja mwondoke. Naona wengine mnacheka. Ndiyo, nilikuwa ndani!

Baada ya Mama kuanguka, dada yangu mkubwa alikuja kutoka kwake Auderghem.

"Hata kumuangalia tu imekushinda?" akasema. "Nimeshapata chumba kwa nyumba ya wazee. Nakupa mwezi moja, halafu Mama anaenda."

Alipoondoka nilirudi kwenye kanape. Ila usiku na mchana nilifikiria viti. Ndani ya kiti cha gari, chini ya kitambaa, kuna utando mwembamba unaohisi uzito. Ndio unaojua umeketi bila mkanda. Basi kwa nini kiti cha Mama kisijue kwamba anainama, kabla hajaanguka?

Katika karakana moja ya mtaa kule Anderlecht, mama mmoja Mflemi, mzungu mstaafu, alinifundisha kuunganisha nyaya. Nilishona vihisi kumi na viwili, bapa kama vifungo, kati ya vipande viwili vya pagne, kitenge kuukuu cha Mama, ukawa mkeka wa kutandika kitini. Uzito ukihamia upande mmoja, kengele ndogo inalia.

Lakini mkeka kama huo lazima ufundishwe: mtu anaketi wima, unabonyeza kitufe, nao unakariri mkao huo. Mnanielewa: kwetu mtu hajaribu kitu juu ya mzazi wake. Basi niliketi mimi.

Siku ya kuuweka, dada alikuwepo. Mama aliketi vizuri: kengele ikalia. Akainama kushoto: ikanyamaza. Dada akatikisa kichwa.

"Ee," akasema Mama kwa ulimi wake mzito, "hii kitu inanigombeza nikikaa muzuri, nikipinda inafurahi! Nani alikaa ya kwanza?"

"Ni mimi, Mama."

"Kaa tena nikuone."

Nikavuta kiti cha jikoni karibu na mkono wake mzima, nikaketi wima, nilivyodhani. Mama akacheka mpaka akatoa machozi. Halafu akaacha kucheka. Akanishika bega, akalisukuma taratibu.

"Umepinda kushoto, mutoto yangu. Tangu kazi iishe, unakaa hivi. Mimi nilikuwa nakuona."

Ndugu zangu, nawaambia, miezi yote ile nilidhani hakuna anayeniangalia. Nililia palepale, mbele ya dada yangu.

Tukaufundisha mkeka upya, safari hii Mama mwenyewe akiwa juu yake, dada amemshika mabega.

Ninamshukuru mama yule wa karakana, aliyenivumilia nikichoma vidole. Ninawashukuru ninyi mliogonga. Ukijifungia ndani, huoni ulivyopinda. Mruhusu mtu akutazame. Na wewe unayegonga, usichoke upesi, pengine mwenzako amekaa gizani anasikiliza hatua zako zikiondoka.

Na dada? Alimwinamisha Mama kushoto mara tatu, kengele ikalia mara tatu, Mama akilalamika kwamba amegeuzwa mwanasesere. Dada akanigeukia.

"Bon," akasema. "Kile chumba, wampe mwingine. Nitakuja dimanche, siku sifanyi kazi, na sufuria ya sombe."

Akambusu Mama kwenye paji la uso, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.