Madam Zipporah na Neno "Hardly"

Mulembe, wasikilizaji wapendwa. Sogezeni viti, mwiteni na jirani. Leo tunamkumbuka Madam Zipporah Ayuma wa Butere, aliyefariki wiki jana akiwa na miaka sabini na miwili. Alifunza Kiingereza miaka thelathini na mmoja. Narudia, thelathini na mmoja.

Bintiye, Sylvia, anasema: "Mama alikuwa anasahihishanga hata kadi za harusi. Anazirudisha na wino mwekundu, halafu harusini anaenda, na anakula!"

Darasani alikuwa na sheria moja. Kivumishi kinaeleza mtu au kitu. Kielezi kinaeleza tendo. Ukitaka kielezi, chukua kivumishi, ubandike "ly". Quick, quickly. Slow, slowly.

"Bandika!" anaita.

"Ly!" darasa linaitika, mabati yanatetemeka.

Sasa tegeni sikio. Mwaka juzi, mwanafunzi wake wa zamani, Nafula, mkata miwa, alipigwa na nyapara kwa mpini wa jembe. Hospitali alifika siku ya tisa, uvimbe umeshuka. Kesi yote ikabaki juu ya taarifa aliyoiandika mwenyewe kwa Kiingereza: "He hit me hardly."

Siku ya kesi mahakama ilijaa. Wengine walifuata haki, wengine udaku; si tunajuana? Madam alikaa benchi la nyuma. Wakili wa nyapara akayasoma maneno hayo mara mbili, polepole.

"Mheshimiwa, 'hardly' ni kusema hakumgusa, au alimgusa kidogo tu. Mlalamishi mwenyewe ameandika."

Nafula akababaika. "Alinipiga kwa nguvu! Si ndiyo hardly? Tulifunzwa hivyo."

"Na nani?"

Nafula akainamisha macho. Hakumtaja mtu.

Kule nyuma, Madam akapima. Akinyamaza, jina lake litabaki safi, na Nafula atarudi shambani chini ya nyapara yuleyule. Akashika benchi, akasimama.

"Na mimi."

"Mama, keti chini!" askari akafoka. Hakimu akainua mkono. Kiongozi wa mashtaka akaomba mama huyo asikizwe, naye akaapishwa.

"'Hard' ni kivumishi, na ni kielezi vilevile," Madam alisema. "Haibandikwi kitu. Angeandika, 'He hit me hard.' Mimi nilijua. Sikuwaambia, kwa sababu sheria moja ilikuwa rahisi kuimba."

Wakili akacheka. "Kwa hivyo, Mwalimu, miaka thelathini na mmoja umefunza makosa?"

"Hilo nimelifunza, Wakili. Lakini mpini haukuwa kosa la sarufi."

Hakimu akaandika. Nyapara alipatikana na hatia.

Madam hakushangilia. Sylvia anasema, "Alianza kuwatafuta wanafunzi wake sokoni, kanisani, hata matangani. Anamshika mtu mkono: 'Nilikufunza vibaya.' Fundi mmoja wa viatu akamwambia, 'Madam, Kiingereza nilishasahau chote!' Mama akamjibu, 'Hata hivyo, kaa nikuambie.'"

Kwa Sylvia, jamaa zake, na Nafula aliyelia kaburini kama mtoto wa nyumba hiyo, poleni sana. Mungu awashike.

Nawe msikilizaji, yupo mtu uliyempa neno lenye kasoro, na analitembeza akiamini ni zima. Unamjua. Mtafute leo, kabla hajalihitaji.