Nusu Mkate wa Meli ya Talula

Benchi letu hapa Memphis ni ubao wa Talula yenyewe. Tuliuokota mtoni Misisipi, tukauweka nje ya banda la Nyundo, mhunzi wetu. Talula ilikuwa manowari ya jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, imevikwa mabamba ya chuma, na sisi tuliotoroka utumwa mashambani tulijiandikisha humo. Mwaka mzima ilipigana na waasi wa Kusini waliotetea utumwa, ikanyamazisha ngome mbili, halafu mwezi Machi ikazama asubuhi kweupe bila kupigwa hata risasi. Sisi wa juu tuliogelea. Wachochea moto sita, waliokuwa chini kwenye tanuri, hawakutoka. Tangu hapo, kahawa ikichemka tu, kesi ni moja: nini kiliizamisha?

Bomba, aliyekuwa akivuta maji melini, ndiye huanza.

— Mimi nasema chuma. Walirundika chote puani, makalio wakaacha mbao. Meli gani hiyo?

— Chuma wapi, akasema Shemasi. Ni kambare. Mkubwa kama nyumbu.

— Acha uongo, Shemasi.

— Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Huyu hakuna aliyemkunja. Kakua, kaja kaipiga meli kichwa.

— Kwani wewe ulimwona?

— Niliona sharubu.

Tukacheka. Nyundo akaweka koleo chini, akajimiminia kahawa, akaketi nasi benchini.

— Nyie hamjui kitu. Ni panya. Mnamkumbuka Nusu Mkate?

— Yule mchochea moto mgeni? nikauliza.

— Huyo huyo. Kila mlo anakula nusu, nusu anaificha juu ya boriti. Wiki tano! Panya wakanenepa, wakawa mia mbili. Asubuhi ile wote wamekimbilia upande mmoja kugombea mkate, meli ikalala ubavu.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Shemasi, naye ameshaanza kuamini.

Kumbe nyuma yetu alikuwa amesimama mwanamke, kifurushi kichwani, kamshika mkono binti wa miaka sita hivi.

— Huyo wa nusu mkate, akasema, alikuwa na kovu hapa kidevuni?

— Alikuwa nalo, dada, nikajibu.

— Ni mume wangu. Mimi naitwa Kezia. Tangu tuoane, nusu ilikuwa yangu.

Nyundo akakishusha kikombe.

— Shemeji, ile ya panya nilikuwa natania tu. Nisamehe.

— Sikuja kuuliza meli. Habari ya kifo chake nilishapata. Siku anatoroka aliniambia, nikijiandikisha siandiki jina la bwana shamba. Nitachagua la ukoo wetu, wewe na mimi na mtoto. Kesho mwalimu wa kambi yetu tuliotoroka utumwa anaandika watoto wa shule, na ameniuliza huyu ni wa ukoo gani. Alichagua jina lipi?

Daftari la majina lilizama na Talula. Bomba akamtazama Shemasi, Shemasi akanitazama mimi. Wiki tano nililala ubavuni mwa mtu yule, nikimcheka na mkate wake, na jina sikumwuliza. Najionea haya mpaka sasa.

Nyundo akainuka kumpisha.

— Keti, shemeji.

Akaketi, akampakata binti yake, akatutazama mmoja mmoja, akisubiri.